Kudra Niliyoachiwa

Kila asubuhi dada yangu hufagia uwanja wake kabla hajasema na mtu. Hufagia kwa fagio la makuti ya mkoma, ameinama, mkono mmoja mgongoni, kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye ua wa miiba ya mathenge, na akimaliza ardhi hubaki na mistari myembamba kama kichwa kilichosukwa. Katika miaka yangu ya kutangatanga, Kalokol, Lokichoggio, Kitale, na kwingine ambako sikukaa hata nikajua jina la mlima, nilikuwa nikiamka mahali pageni na kutega sikio kwanza, kama kuna fagio. Nikilisikia, hata likiwa la jirani nisiyemjua, moyo ulitulia kidogo. Nikilikosa, nilijua pale sitakaa.

Sikujua kwamba fagio hilohilo lingekaribia kuniulia kudra.

Kudra ni mboga. Watu wa magharibi mwa Kenya huiita mrenda. Ina majani marefu yenye meno pembeni, na ukiipika huteleza. Wasudani Kusini wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma huiita kudra, na kwa kuwa niliijulia mikononi mwao, sina jina jingine la kuiita. Sisi Waturkana wa umri wangu hatukulelewa na mboga ya kupandwa. Majani tuliyokula yalikuwa yale yaliyojiotea baada ya mvua, na mvua yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo nilipomwambia dada kwamba nataka kipande cha uwanja wake kule Nawoitorong, kando ya Lodwar, nipande majani, alicheka hadi akakaa chini.

"Wewe? Upande? Wewe hata ukipewa mbuzi uchunge, mbuzi ndio inakurudisha nyumbani."

Alinipa hata hivyo. Kilikuwa kipande chembamba nyuma ya bafu la mabati, mahali maji ya kuogea hutokea yakaloweka udongo. Nilichimba vitaro viwili, nikatia samadi ya mbuzi, nikapanda mistari miwili. Nilipanda mbegu zote nilizokuwa nazo. Nyingine hazikubaki, mfukoni wala katika nyumba ya mtu yeyote niliyemjua.

Mbegu hizo nilizipata Kakuma, kwa mwanamke.

Wakati ule nilikuwa nikipakua magunia kwenye maghala ya kambi, na nilikuwa nimepanga chumba ukingoni mwa soko. Yeye aliuza chakula karibu na bomba la maji: asida, ugali wa kwao, na kudra, na siku njema samaki mkavu kutoka Kalokol. Alikuwa mjane wa rika langu, mrefu hata akiwa amekaa. Tuliitana jirani. Watu wengine walituita vingine, nasi hatukuwasahihisha.

Chini ya bomba, maji yaliyomwagika wakati akina mama wakijaza mitungi yalikuwa yamefanya ukanda mdogo wenye unyevu, na ukanda huo ulikuwa shamba lake. Ungeweza kulivuka kwa hatua chache. Jioni nikitoka kazini, mwili mzima umejaa vumbi la mahindi, nilikuwa napita kwake kabla ya kwenda kuoga, na yeye aliniambia kila mara nisikanyage.

Siku moja niliona majani yake yamebadilika rangi. Yalikuwa na vitone vyeupe vidogo sana, kama mtu amekaa akayadungadunga kwa sindano. Nikamwambia ni jua.

"Jua?" alisema. "Jua iko hapa siku zote, jirani. Kuja. Shufu, tazama."

Akaleta sahani nyeupe ya bati, ile ya kuwapakulia wageni. Akaiweka chini ya jani, akaligonga jani kwa kidole mara kadhaa, kisha akaileta sahani mbele ya macho yangu, ameikinga upepo kwa mwili wake. Niliona chembe tu.

"Vumbi," nikasema.

"Ngoja."

Nikangoja. Sehemu ya lile vumbi ikaanza kutembea.

Alicheka nilivyoruka. Akapitisha kidole gumba juu ya sahani, kikaacha mstari mwekundu uliochanganyika na kijani. "Vumbi haitembei," alisema. "Na vumbi haina damu. Juu ya jani ni ya jua. Mwizi anakaa chini." Akaligeuza jani. Upande wa chini, kandokando ya mishipa, palikuwa na utando mwembamba kuliko wa buibui wa nyumbani, na ndani yake wadudu wadogo kiasi kwamba jicho liliwapoteza kila lilipopepesa. Baadaye nilisikia watu wa kilimo wakiwaita utitiri mwekundu, na wengine buibui mwekundu, kwa sababu wana miguu minane na wanafuma. Wengi niliowaona mimi hawakuwa wekundu. Walikuwa wa kijani kilichofifia, na doa jeusi kila ubavu, kama mbuzi waliotiwa alama na mwenyewe.

"Anapenda joto, anapenda vumbi, anapenda mmea yenye kiu," aliniambia. "Maji hapendi."

"Basi angezaliwa Turkana," nikasema.

"Amezaliwa hapa. Na yeye ni kama wewe. Chakula ikiisha anatoa kamba yake, anapanda upepo, anaenda."

Sikujua kama alikuwa ananitania au ananiuliza kitu. Nilichukua mtungi nikamsaidia kumwagia. Alinifundisha kugeuza jani kwa mkono wa kushoto na kurusha maji kutoka chini kwenda juu kwa nguvu, asubuhi na mapema, na kuchuma yale yaliyokwisha kuharibika na kuyatia motoni chini ya sufuria yake. Nilifanya hivyo naye asubuhi nyingi kabla ya kwenda ghalani. Sikumbuki tulizungumza nini. Nakumbuka maji yakitiririka kwenye kiwiko chake, na kwamba aliimba kitu asichokimaliza kamwe.

Kisha habari zikaja kwamba mama yake, ambaye alikuwa amerudi kwao, anamtaka. Alifunga vitu vyake ili apite Lokichoggio na kuvuka mpaka wa Nadapal. Siku ya mwisho alirarua pembe ya kitambaa chake cha kichwa, akamwaga mbegu za kudra juu ya ile sahani, akazigawa kwa kidole mafungu mawili. Moja akalifunga akalitia kifuani. Moja akanipa.

"Hii si yako," alisema. "Unakaa nayo tu. Nitarudi kuchukua."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Kwao wana ng'ombe, kwetu tuna mbuzi na ngamia, na pande zote mbili za mpaka mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote katika boma moja. Anapeleka wengine kwa rafiki wa mbali. Rafiki atakunywa maziwa, lakini mnyama si wake. Ugonjwa ukija, au bunduki zikija, mwenye mali anajua kuna mahali bado ana kitu, na siku moja atakwenda kukitafuta. Na mnyama akifa mikononi mwa aliyeachiwa, mtu huyo huhifadhi ngozi, aje amwonyeshe mwenyewe. Ndivyo alivyofanya baba yetu, na dada yangu ndiye aliyetumwa, akiwa msichana, kwenda kuwarudisha mbuzi wa mwisho tuliobaki nao wakati wa ukame.

Simu yake iliita kwa muda baada ya kuondoka. Aliniambia njia ilikuwa mbaya, kisha mama yake yuko hai, kisha mvua imeanza. Halafu simu ikawa ya yule mwanamke wa mtandao anayesema mteja hapatikani. Nilimsikiliza hadi mwisho kila mara, kwa lugha zote mbili.

Sikuweza kukaa Kakuma. Kila jioni miguu yangu ilikwenda kwenye bomba bila kuniuliza. Nikaondoka na lile fundo la kitambaa, na kila nilipopata udongo nilijaribu kidogo, kwa sababu mbegu nayo huzeeka. Kalokol chumvi ya ardhi iliziua zikiwa ndogo. Lokichoggio mbuzi waliingia wakala hadi mizizi. Kitale zilistawi ajabu, lakini kazi yangu iliisha kabla ya maganda kukauka, na mwenye shamba akapanda kabichi juu yake. Nilipofika kwa dada yangu Lodwar, fundo lilikuwa limepungua hadi likawa kama punje ya mahindi.

Nilizitumbukiza kwenye maji ya moto zikiwa ndani ya kitambaa, nikazitoa upesi, kama alivyokuwa akifanya. Bila hivyo kudra haiamki. Zikaota. Zikafika magotini, zikatoa maua madogo ya manjano, zikaanza kushika maganda membamba ya kijani. Nikaanza kuhesabu kwa moyo, si kwa kalenda: maganda yakikauka tu, nitakuwa na kitu cha kumrudishia.

Ndipo nikaona vile vitone.

Nilikwenda jikoni nikachukua sahani nyeupe ya dada bila kuomba. Nikagonga jani, nikangoja, vumbi likatembea. Lazima niseme ukweli: mwanzo nilifurahi. Nilichuchumaa pale nyuma ya bafu na sahani mkononi kama mtu aliyepata habari za mbali, hata kama ni za msiba. Nilimsikia akisema ngoja. Kisha nikageuza jani la pili, na la tatu, nikaona utando umeshafika kwenye vikonyo, na furaha ikaisha.

Huku kwetu mdudu huyo ana kila kitu. Ana joto tangu asubuhi, ana upepo wa kumsafirisha, na kwenye uwanja wa dada yangu alikuwa na fagio. Vumbi lililoinuka alfajiri lilikwenda kutua juu ya kudra kila siku ya Mungu, likafunika majani. Nililiona hilo siku hiyo, lakini ningemwambiaje? Mwanamke huyu alinilea. Uwanja wake ndio heshima yake. Nikajiambia nitaosha majani kesho.

Kesho yake nilikuta mimea yote imepakwa majivu.

"Nimekusaidia," alisema dada. "Nimeona iko na ugonjwa."

Majivu ni dawa ya kila kitu bomani, kuanzia kidonda cha punda hadi siafu. Lakini kwa mdudu anayependa ukavu, majivu ni mkeka. Baada ya siku chache majani ya chini yalikuwa na rangi ya shaba, yakaanza kudondoka. Nikamweleza dada, safari hii kwa kutumia sahani. Aliinamisha macho yake yaliyochoka, akaangalia muda mrefu.

"Hii ni kupe," alisema hatimaye.

"Ni ndugu wa kupe. Wanyonya majani."

"Kupe ni kupe," akasema, akarudi kwenye kikapu alichokuwa anasuka. Nilidhani mazungumzo yameisha.

Siku iliyofuata nilikwenda mjini kumwona dereva mmoja wa lori ninayemjua tangu siku za maghala. Alikuwa anapeleka mzigo hadi Nadapal na kuvuka, na alihitaji mpakiaji. Nilikuwa nimeota safari hiyo mara nyingi. Ningeweza kusimama upande ule wa mpaka na kuuliza watu, hata kama sikujua ningeuliza kwa kutaja kijiji gani. Nilishinda naye tukipanga mizigo. Tulikubaliana kuondoka asubuhi.

Niliporudi jioni, harufu ilinipokea kabla ya lango. Kila mtu aliyewahi kuogesha mbuzi kwa dawa ya kupe anaijua harufu hiyo. Dada alikuwa amesimama kando ya kudra, leso ameifunga puani, bomba la kupulizia mgongoni.

"Ejok," alinisalimia kwa furaha. "Nimeua zote."

"Umefanya nini, dada?"

"Si ulisema ni ndugu ya kupe? Nimechanganya ile ya mbuzi. Nimeongeza nguvu kidogo, juu ya vile zimezidi. Huu mstari imemaliza. Huu ingine dawa imeisha, lakini kesho nitapata kwa jirani."

Asubuhi mstari ule ulikuwa umekunjamana, pembe za majani zimeungua, maganda mabichi yamelegea. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mbuzi ilikuwa imemiminwa juu ya mboga, tena kwa nguvu ya kuongeza.

"Zitapona," dada alisema. "Mbuzi hulala siku moja, halafu inasimama."

"Mbuzi unampaka nje. Jani linakunywa. Nani atakula hii?"

"Tuwapatie mbuzi wakule."

"Hata mbuzi wasile!" Nilipaza sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia. Nikang'oa mstari mzima, mche mmoja mmoja, nikauzika kwenye shimo nje ya ua. Dada alinifuata hadi langoni.

"Unalilia majani? Sokoni iko sukuma, iko kunde. Na hii kupe, nikuambie kitu. Boma ikijaa kupe, tunachoma boma, tunahama. Hiyo ndio dawa ya baba."

"Mmea hauhami, dada."

"Najua hauhami. Wewe ndio unahama. Wewe kupe haijawahi kukupata, hukai mahali inakujua."

Nilikaa chini kando ya lile shimo. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za lile fundo, labda kwa sababu mtu akisema kitu kama hicho kwa sauti, kinaonekana kidogo.

"Si majani yangu," nikamwambia. "Ni ya mtu. Niliachiwa."

Sauti yake ikabadilika. "Umeachiwa na nani?"

"Mwanamke wa Kakuma. Alisema atarudi kuchukua. Hizi zilizobaki ndizo za mwisho."

"Yule uliongea juu yake kwa simu kila siku, halafu ukanyamaza?"

"Huyo."

Dada alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mtu amekuachia mifugo, na unaniacha mimi napulizia dawa mifugo ya watu! Ungesema mapema! Sasa akija, utamwonyesha ngozi gani? Kudra ina ngozi?"

Hakungoja nijibu. Aligeuka akaingia ndani, nikasikia mitungi ikigongana.

Lori lilinipigia honi barabarani kama tulivyopatana. Nikatoka kumwambia dereva aende.

"Unabaki kwa sababu ya nini?"

"Mboga."

"Mboga! Sema mwanamke."

"Ni mwanamke."

"Sasa si huyo mwanamke yuko upande naenda? Panda basi!"

Jibu la swali hilo halimtoshi mtu ambaye injini yake inaunguruma. Ningekwenda mikono mitupu, nimwambie mbuzi wako wote walikufa, hata ngozi sina. Nikampungia mkono. Alitikisa kichwa akaondoka, na vumbi lake likaelekea, bila shaka, kwenye kudra yangu.

Siku zilizofuata ziliniuma miguu kuliko safari yoyote. Niliamka kabla ya upepo. Nilitoboa kifuniko cha mtungi kwa msumari, nikaosha kila jani upande wa chini. Yaliyokuwa na utando mwingi niliyachuma nikayachoma. Miche iliyoshindwa kabisa niliing'oa, ingawa ilikuwa na maganda, kwa sababu iliwalisha wadudu wa kwenda kwa jirani zake. Nilipata chupa ya kunyunyizia kwa kinyozi wa barabarani, nikakwangua sabuni ya mche ndani ya maji, kidogo tu, nikaichuja, nikainyunyizia jioni jua likiisha, maana sabuni na jua vikikutana juu ya jani huliunguza. Nilitwanga mbegu za mwarobaini, nikaziloweka hadi siku ya pili, nikazichuja kwa kitambaa. Harufu yake ilimfanya dada aseme nimeleta hospitali nyumbani.

Kosa la wengi, nami ningelifanya, ni kuona sahani safi na kushangilia. Mayai hayasikii sabuni. Katika joto la Lodwar, wiki haiishi kabla ya yai kuwa mama. Kwa hiyo unarudia, na unarudia tena, hata siku ambayo huoni kitu, na zaidi siku hiyo.

Mimi si mtu wa kurudia. Kila mchana nilisikia malori ya njia ya Kakuma yakibadilisha gia, na kila moja lilikuwa na nafasi yangu.

Dada hakusema tena juu ya jambo lile. Lakini asubuhi ya kwanza baada ya ugomvi wetu, nilisikia sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia katika uwanja wake: maji yakimwagwa chini kabla ya fagio. Alikuwa ameweka maji ya kusuuzia vyombo usiku, akayanyunyiza ardhini kwa mkono ili vumbi lisiamke. Kule maji huja kwa zamu na hubebwa kichwani, na alikuwa anaunywesha udongo. Siku nyingine akatundika magunia yaliyoloa kwenye ua, upande upepo unakotoka. Mwisho akafanya jambo kubwa zaidi. Aliacha kufagia kabisa ule upande wa bafu. Majani makavu na vijiti vikajikusanya pale, mbele ya macho ya watu.

Jirani yake, mama anayesuka naye vikapu, aliingia akatazama.

"Mgongo unakusumbua?"

"Mgongo iko sawa."

"Sasa hii uchafu?"

"Kuna mifugo ya mgeni inalala hapo," dada alisema bila kuinua macho. "Haitaki vumbi."

Mama yule alitazama miche, akanitazama mimi, akaamua kwamba wazimu wetu ni wa ukoo.

Miche mingi ilikufa. Sitaki kuipamba habari hii. Michache iliyobaki ilipoteza majani ya chini yote, ikasimama kama watu waliopona homa. Lakini juu ikatoa majani mapya, ya kijani halisi, na nilipoyagonga juu ya sahani niliona vumbi lililokaa tulivu. Maganda yakageuka ya njano, kisha ya kahawia. Niliyachuma asubuhi kabla ya joto, yasije yakapasuka yenyewe, nikayakausha kivulini ndani ya sahani ileile.

Tulikaa mlangoni kuyafungua, mimi na dada. Mbegu ni ndogo, za rangi kati ya kijani na nyeusi, zenye pembe. Zilipokwisha kutoka zote, hazikujaza kiganja. Dada alizitazama kama mtu anayetazama mbuzi wakitoka bomani mmoja mmoja baada ya usiku mbaya.

"Zimetosha?" aliniuliza.

"Zimezidi nilizoachiwa. Si kwa wingi."

Nilianza kuzifunga kwenye kile kitambaa cha kichwa, ambacho sasa kilikuwa hakina rangi. Akanishika mkono.

"Zote katika boma moja?"

Alizigawa yeye mwenyewe, kwa kidole, mafungu mawili juu ya sahani. Nilimtazama akifanya hivyo, na ilinibidi niangalie kando. Lake alilifunga kwenye pembe ya leso yake. Langu akalisukuma upande wangu.

"Sasa nenda, maana naona miguu yako," alisema. "Lakini hii si yangu. Nakaa nayo tu. Urudi kuchukua."

Nilikwenda Kakuma. Sikwenda Nadapal, angalau bado. Ikiwa atarudi, atapita pale, na nilitaka akikuta kitu, akikute mahali alipokiacha. Kibanda chake kina wenyewe wengine, mama wa Kikongo na mama mkwe wake. Bomba lingali palepale, na maji bado yanamwagika chini yake, lakini pale palikuwa na magugu na vipande vya plastiki. Nilimwomba yule mama ruhusa.

"Panda tu, baba," aliniambia. "Maji inamwangikaka bure."

Nilizitumbukiza mbegu kwenye maji ya moto, nikazitoa upesi, nikapanda nusu ya nusu yangu. Ziko kwenye kimo cha kidole sasa. Nimepanga chumba karibu na soko, si kile cha zamani. Nabeba mizigo pale ninapoipata, na asubuhi kabla ya kazi nakwenda bombani na sahani nyeupe niliyonunua. Akina mama wa kitongoji wamezoea kuniona nimeinama. Mmoja alidhani nimepoteza pete.

Siku hizi dada hunipigia simu mapema, hata kabla hajafagia. Yeye naye amepanda, nyuma ya bafu, na leo alianza kama kawaida:

"Umegeuza majani?"

"Nimegeuza."

"Sahani?"

"Safi. Kwako?"

"Vumbi tu. Haitembei." Nilisikia jogoo wa jirani yake. "Amekuja?"

"Bado."

"Sawa," alisema. "Mwagia maji."

Hakukata simu. Nadhani aliiweka kwenye kizingiti akasahau, au hakusahau. Nilisimama kando ya bomba, mkono umelowa, nikamsikia akinyunyiza maji chini, kisha likaanza fagio.